Jomo Kenyatta: mwanafunzi wa anthropolojia aliyeitetea ardhi kwa kalamu

Wengi katika Afrika Mashariki wanamfahamu Jomo Kenyatta kwa sura mbili: mfungwa wa Kapenguria, na rais wa kwanza wa Kenya mwenye usinga mkononi. Sura ya tatu husahaulika. Kuanzia mwaka 1935 alikuwa mwanafunzi wa anthropolojia mjini London, yaani elimu inayochunguza mila za watu, koo zao na mali zao. Mwaka 1938 alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi Wakikuyu walivyomiliki ardhi, walivyouziana, walivyowekeana rehani na walivyopima utajiri. Kilikuwa kitabu cha elimu, lakini pia kilikuwa shauri la madai dhidi ya dola iliyokuwa imewanyang'anya watu mashamba yao. Miaka 25 baadaye mwandishi wake alikabidhiwa nchi aitawale, na swali lile lile la ardhi likamrudia. Safari hii mwenye muhuri alikuwa ni yeye.

Karani na mwenye duka

Alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Ng'enda, Gatundu, katika Kiambu, akaitwa Kamau. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Baba yake Muigai alifariki mtoto akiwa mdogo, na mama yake Wambui akarithiwa na Ngengi, ndugu wa marehemu. Mama naye alipofariki, Kamau aliishi na babu yake Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga. Mwaka 1909 alijiunga na misheni ya Kanisa la Scotland iliyokuwa Thogoto, akafundishwa kusoma, kuandika na useremala. Alitahiriwa mwaka 1913, akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Kwa hiyo alipitia jando na ubatizo katika muda wa mwaka mmoja hivi, na katika maisha yake yote hakuona haja ya kuchagua kimoja na kukitupa kingine.

Waandishi wa wasifu wake huzipita haraka kazi alizozifanya kabla ya siasa, ingawa kazi hizo zinaeleza mengi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikimbilia Narok kwa jamaa zake Wamasai, akiepuka kukamatwa kwa ajili ya jeshi la wapagazi, na huko akawa karani wa mkandarasi wa Kiasia. Baada ya vita aliajiriwa na idara ya maji ya Baraza la Manispaa ya Nairobi, akitunza ghala na kusoma mita. Huko Dagoretti alifungua duka dogo. Kwa ufupi, aliyekuja kuandika juu ya uchumi wa mbuzi na kondoo alikuwa tayari ameshazoea daftari la mapato na matumizi, stakabadhi, na deni la mteja asiyelipa mwisho wa mwezi.

Swali la nani mwenye ardhi

Wakati huo Wakikuyu walikuwa wameshapoteza sehemu ya mashamba yao, hasa upande wa Kiambu ulio jirani na Nairobi. Mwishoni mwa karne ya 19 ukame, ndui na sotoka vilikuwa vimewapunguza watu na mifugo, na familia nyingi zilirudi kwa jamaa zao kaskazini mpaka hali itengemae. Walowezi walipofika waliiona ardhi iliyolala, wakaiita tupu. Sheria ya Ardhi ya Serikali ya Kifalme ya mwaka 1915 iliziweka ardhi za Waafrika chini ya mamlaka ya mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 mahakama mjini Nairobi ikaamua kwamba wenyeji walikuwa wapangaji tu, wanaokaa kwa ridhaa ya serikali.

Hoja iliyotumika kuhalalisha jambo hilo ilikuwa ya kitaalamu kwa sura yake. Ilisemwa kwamba Mwafrika hakujua umiliki wa mtu binafsi. Ardhi ilikuwa ya kabila zima, na kitu cha wote si cha yeyote. Ukishakubali hivyo, hakuna wa kulipwa fidia, kwa kuwa hakuna aliyenyang'anywa.

Mwaka 1928 Kenyatta alichukua wadhifa wa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association, chama kilichopigania ardhi hiyo, akawa mhariri wa gazeti lake la Muigwithania, jina lenye maana ya mpatanishi. Mwaka uliofuata chama kilimtuma London kupeleka malalamiko. Alirudi nyumbani mwaka 1930, akaenda tena mwaka 1931, na mara hii hakuiona Kenya kwa miaka 15.

Mwaka 1932 alitoa ushahidi mjini London mbele ya tume ya ardhi ya Kenya. Mwenyekiti wake, Morris Carter, aliwahi kuwa Jaji Mkuu wa Uganda na baadaye wa Tanganyika. Tume ilitoa ripoti mwaka 1934. Ilikubali kwamba baadhi ya familia zilipoteza ardhi, lakini ilipendekeza mipaka ya nyanda za walowezi ithibitishwe kisheria na madai ya Waafrika yafungwe. Njia ya maombi ilikuwa imefika ukingoni.

Darasani kwa Malinowski

Maisha ya London yalikuwa magumu. Alikwenda Moscow kwa masomo ya siasa katika miaka ya 1932 na 1933, akarudi. Alijipatia riziki katika Chuo Kikuu cha University College kwa kuwasaidia wataalamu wa fonetiki kuchunguza sauti na toni za Kikikuyu. Akaonekana hata katika filamu ya Sanders of the River, miongoni mwa Waafrika waliokodiwa kujaza mandhari ya kijiji cha kubuni.

Kisha akakutana na Bronislaw Malinowski. Msomi huyu, mzaliwa wa Poland, aliishi katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliporudi alieleza jinsi wenyeji wa huko walivyosafiri baharini kwa hatari kubwa ili kupeana mikufu na bangili za kombe ambazo hazikununua chochote. Mikufu ilizunguka visiwani upande mmoja, bangili upande mwingine, na pembeni ya mzunguko huo biashara ya kawaida ikafanyika. Kitabu chake cha mwaka 1922 kiliwafundisha wasomi wa Ulaya kwamba mali ya mtu haieleweki kwa kutazama bei peke yake. Lazima ujue nani anampa nani, kwa nini, na anatarajia nini kesho. Mila, kwa maoni yake, zilishikana kama kuta za nyumba moja. Ukibomoa mmoja, mingine hutikisika.

Fundisho hilo lilimfaa Kenyatta kuliko Malinowski alivyoweza kudhani. Profesa alimpokea katika London School of Economics ingawa hakuwa na shahada ya kwanza, akamsaidia kupata ruzuku. Katika semina hizo alikaa pamoja na watafiti waliokuwa wakienda na kurudi Afrika. Alikuwapo pia Elspeth Huxley, mwandishi aliyelelewa na wazazi walowezi huko Thika. Wawili hao, mmoja mtoto wa waliochukua na mwingine mtoto wa waliochukuliwa, walisikiliza mhadhara mmoja juu ya maana ya mali.

Kilichomtofautisha Kenyatta na wenzake ni kwamba hakuhitaji kusafiri kwenda kuwachunguza watu. Watu hao walikuwa yeye na babu yake. Wapo waliosema kwamba kwa sababu hiyo hakuweza kuwa mchunguzi wa haki. Lakini baadhi ya waliokuwa wameandika juu ya umiliki wa ardhi ya Wakikuyu kabla yake walifanya hivyo kwa niaba ya serikali iliyoishika ardhi hiyo, na upendeleo wao haukuwa ukitajwa sana.

Kitabu na majina ya wenye haki

Facing Mount Kenya, ambacho kwa Kiswahili kilipewa jina la Naushangilia Mlima wa Kenya, kilitoka mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa Malinowski. Katika picha yake mwandishi alivaa vazi la ngozi na kushika mkuki, na jina lililoandikwa halikuwa tena Johnstone bali Jomo. Alikitabarukia kizazi cha vijana wa Afrika walionyang'anywa haki yao.

Sura ya ardhi ndiyo moyo wa kitabu. Kenyatta alianza na msamiati, naye alifanya busara. Katika lugha yake, alieleza, yapo majina tofauti kwa kila namna ya mtu kuhusiana na shamba. Yupo mwenye githaka, yaani mwenye milki. Yupo muramati, msimamizi wa ardhi ya ukoo, ambaye hana haki kubwa kuliko ndugu zake lakini ndiye anayeisemea. Yupo muguri, aliyetoa mbuzi akapata haki ya kulima, na mwenyewe akirudisha mbuzi hao shamba linarudi. Msomaji wa Kiswahili ataitambua hapo rehani bila shida. Yupo muthami, aliyeruhusiwa kujenga na kulima kwenye ardhi ya mwingine. Na yupo muhoi.

Neno muhoi halina tafsiri nzuri. Linatokana na kitenzi cha kuomba, lakini muhoi si ombaomba. Ukimwita mpangaji unakosea pia, maana halipi kodi. Ni mtu asiye na ardhi ya kutosha aliyemwendea rafiki akaomba sehemu ya kulima, akapewa kwa ajili ya urafiki huo. Wakati wa mavuno huleta pombe na mazao kidogo kwa heshima, na mwenyeji akijenga hufika kusaidia. Msikilizaji wa Buganda anayejua jinsi mwenye mailo na mwenye kibanja wanavyoweza kudai udongo mmoja kwa haki mbili tofauti ataelewa kwa nini maafisa wa Kiingereza walichanganyikiwa, ingawa asili ya mifumo hiyo miwili ni tofauti kabisa.

Hapo ndipo Kenyatta alipoipindua hoja ya serikali. Kila kipande cha ardhi, alisema, kilikuwa na mwenyewe, na mpaka wake ulijulikana. Ulipandwa miti na maua ya itoka mbele ya wazee, mnyama akachinjwa, na taka za tumbo lake zikanyunyizwa mstarini ili asiwepo wa kuusogeza. Kilichowapoteza wageni ni kwamba mwenye ardhi hakuwafukuza wengine. Kumiliki na kuzuia havikuwa kitu kimoja. Wazungu wa mwanzo walipoomba mahali pa kupiga kambi walipewa kama anavyopewa muhoi au muthami, kwa kudhaniwa kwamba ni wapita njia. Wenyeji walifikiri wametoa ruhusa ya kukaa, mgeni akaandika kwamba amepata milki. Kwa maelezo hayo Kenyatta hakuwa akisimulia mila za kale tu, bali alikuwa akichambua mkataba mbovu, ambao pande mbili ziliuingia kila moja ikiwa na sheria yake kichwani.

Sura za uchumi na kazi za mikono hazisomwi sana, lakini zina utamu wake. Anaeleza uhunzi, ufinyanzi, ususi na utengenezaji wa ngozi, na nani aliruhusiwa kufanya kipi. Anaeleza kwamba mbuzi na kondoo ndio waliokuwa kipimo cha bei, na ng'ombe zaidi walikuwa fahari ya tajiri. Leo wataalamu wa benki hushangaa kwa nini mkulima mwenye simu ya kutuma fedha bado huweka akiba zizini. Sehemu ya jibu iliandikwa mwaka 1938.

Kitabu kina kasoro. Kinaichora jamii ya zamani ikiwa na utulivu uliopitiliza, kana kwamba hakukuwa na mwenye nguvu aliyemdhulumu mnyonge. Kinatetea ukeketaji wa wasichana kwa hoja kwamba umeshikamana na mila nyingine zote, na hapo fundisho la Malinowski la kuta za nyumba moja linamfikisha mahali ambapo wasomaji wengi wa leo hawatamfuata. Maisha ya muhoi nayo yamepakwa rangi nzuri mno. Anayeishi kwa hisani ya rafiki anaweza pia kuondolewa urafiki ukivunjika.

Kutoka Sussex mpaka Kapenguria

Vita Kuu ya Pili ilipoanza Kenyatta alihamia Storrington, katika Sussex, akafanya kazi ya shamba na kuwahutubia askari juu ya Afrika. Oktoba 1945 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa mkutano wa Umajumui wa Afrika uliofanyika Manchester. Alirudi Kenya Septemba 1946, na mwaka uliofuata akachaguliwa rais wa chama cha Kenya African Union.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, naye akakamatwa. Alishitakiwa huko Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, akahukumiwa mwaka 1953 kifungo cha miaka saba. Mkalimani wa mwanzo wa kesi hiyo alikuwa Louis Leakey, mtaalamu aliyezaliwa Kabete, aliyekisema Kikikuyu tangu utotoni na aliyekuwamo katika kamati ya serikali iliyochunguza umiliki wa ardhi ya Wakikuyu mwaka 1929. Mawakili wa utetezi walimpinga, akajiondoa. Wataalamu wawili wa mila za watu wale wale walikutana mahakamani, mmoja kizimbani na mwingine akitafsiri.

Anthropolojia ilikuwa imepata kazi nyingine pia katika ukanda huu. Mwaka 1950 Audrey Richards, mwanafunzi mwingine wa Malinowski, alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere. Kitabu alichokihariri mwaka 1954 kilichunguza vibarua waliohamia Buganda kutoka nchi jirani, wakiwamo wa Rwanda na Burundi. Kilionesha jinsi mgeni alivyogeuka kutoka mfanyakazi wa msimu hadi mkulima mwenye pamba na kahawa yake.

Hati miliki na waliokosa jina

Mwaka huo wa 1954, Kenyatta akiwa kifungoni Lokitaung, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango uliojulikana kwa jina la afisa wa kilimo Swynnerton. Vipande vilivyotawanyika vya kila familia viliunganishwa, vikapimwa, vikaandikishwa kwa jina la mmiliki. Lengo lilikuwa kumpa mkulima hati atakayoipeleka benki kuombea mkopo, na kujenga tabaka la wakulima watulivu. Katika Mkoa wa Kati kazi hiyo ilifanyika wakati maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini na familia zimehamishiwa vijijini kwa nguvu. Aliyekuwa mbali hakuweza kusimama mpakani kudai chake. Na katika daftari la msajili hapakuwa na safu ya muhoi. Haki yake ilikuwa ni urafiki, na urafiki hauandikishwi.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Akawa waziri mkuu Juni 1963, Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huo, na mwaka mmoja baadaye akaapishwa kuwa rais. Mtu aliyezijua haki zile zote kwa majina yake angeweza, angalau, kuuliza zilikwenda wapi. Serikali yake iliendelea na uandikishaji, ikaupanua. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, kwa kanuni ya muuzaji aliye tayari na mnunuzi aliye tayari, na waliogawiwa walitakiwa kulipa. Bildad Kaggia, aliyefungwa naye Kapenguria, alipinga wasio na kitu kulipia ardhi waliyonyang'anywa, na mwaka 1964 akapoteza wadhifa wake wa naibu waziri.

Waraka wa serikali wa mwaka 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika ulisifu mila ya kusaidiana, na papo hapo ukasisitiza hati za ardhi ili mikopo ipatikane. Mila ilibaki kuwa maneno ya dibaji, na biashara ikapewa vifungu vya sheria.

Ni haki kusema kwamba alikuwa na sababu. Wakulima wengi wadogo walipata ardhi, chai na kahawa ziliwaingizia fedha ambazo kabla ya hapo walikatazwa kuzitafuta, na mtaji haukukimbia nchi. Lakini familia yake na watu wa karibu yake waliingia katika safu ya wenye mashamba makubwa nchini. Pwani, ambako vizazi vya watu vilikuwa vikilima bila hati, wengi walibaki kuitwa maskwota kwenye udongo wa babu zao, huku mradi wa makazi wa Mpeketoni, Lamu, ukipokea wakulima kutoka bara katika miaka ya 1970. Manung'uniko ya huko hayajaisha mpaka leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliyataja madhila ya ardhi miongoni mwa vyanzo vikuu vya migogoro ya nchi hiyo.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa katika viwanja vya Bunge mjini Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 iliigawa ardhi ya Kenya katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Sheria ya mwaka 2016 ilizipa jamii njia ya kuandikisha ardhi yao kwa jina la wote, hasa katika maeneo ya wafugaji. Mkoa wa Kati, ambako haki za githaka ziliandikwa kitabuni na mwenyeji, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imeshapimwa na kupewa hati zamani.